Ukindu wa Zambarau

"Rangi hii haidhuru mikono, mama," Raya alisema, kompyuta mapajani. Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa hesabu za kompyuta jinsi kemikali zinavyouathiri mwili, na leo aliipima rangi ya unga ambayo mama yake hutia ukindu wa kusukia mikeka.

"Si nilikwambia? Mwaka wa thelathini huu nautia ukindu rangi hii."

Mama akachukua ukindu mwingine wa zambarau. Kabla ya kuuchomeka kwenye mkeka akaupitisha midomoni, akaulainisha kwa mate, kama wafanyavyo wasukaji wote wa mji ule.

Raya akaduwaa. Jambo hilo alikuwa akiliona tangu utotoni, na ndiyo maana halikumjia akilini hata kidogo. Akarudi pale kompyuta ilipouliza kemikali inaingilia wapi mwilini. Akafuta "ngozi", akaandika "mdomo".

Alama ya kijani ya usalama ikawa nyekundu. Chini yake palikuwa na neno moja: ini.

"Inasemaje tena hiyo?"

Raya akamtazama mdomoni. Mama akacheka, midomo yake ya zambarau, akamnyooshea ukindu.

"Haya, weka hiyo kompyuta, unisaidie kusuka."

Raya akaupokea. Ulikuwa bado umelowa.