Kiapo cha Marlene

Marlene Kuchta aliinua mkono wa kulia, akaapa kusema kweli tupu, akaketi, akaanza kusema uongo.

Mbele yake, katika chumba kisicho na dirisha cha mahakama ya Cleveland, raia ishirini na watatu walikuwa wamekaa kwa safu, wengine na vikombe vyao vya kahawa. Hao ndio wangeamua kama kuna kesi au hakuna. Hakimu hakuwepo. Alikuwepo mwendesha mashtaka tu, Teresa Quillen, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Marlene kuliko ukali.

"Bi. Kuchta, umefanya kazi kwa Dale Hostetter miaka mingapi?"

"Ishirini na saba. Karani wa shehena. Pampu zikitoka kiwandani kwenda ng'ambo, karatasi zote zinapitia kwangu."

Kuhusu Dale hakuhitaji kufikiri mara mbili. Mumewe Stan alipougua figo, Dale ndiye aliyempeleka hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, miezi kumi na minne, kwa gari lake mwenyewe, ili Marlene asipoteze kazi. Siku ya mazishi alilibeba jeneza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sasa dhiki ilikuwa ya Dale.

Maana Dale alikuwa ametoa hongo. Pampu mia mbili za maji, zilizonunuliwa kwa ajili ya miji yenye kipindupindu katika nchi ya mbali, zilizuiwa bandarini huko wiki tisa. Mwishowe waziri wa maji akapiga simu mwenyewe. Marlene alikuwemo ofisini, simu iko kwenye spika, akasikia kila neno. Waziri hakufoka wala hakuzungukazunguka. Alitaja anachotaka, kisha akasema wanaokufa ni watu wake, naye hana haraka. Kesho yake Dale alilipa, uso umemsawijika, na pampu zikatoka.

Sheria yenyewe Marlene aliijua; ilibandikwa ukutani kiwandani, pale wanapolia chakula cha mchana. Mmarekani akimhonga afisa wa serikali ya nchi nyingine, hata kama huko hongo ni kama salamu, atafungwa huku kwao. Dale alikuwa na miaka sitini na tisa. Akiingia jela, hatoki.

Tangu barua ya wito ifike hawakuwa wamezungumza. Wakili wa Dale alikuwa amewakataza. Jana tu walikutana kwenye maegesho ya kiwanda. Dale alifungua mdomo aseme kitu, wakili akamshika kiwiko, akamwingiza garini. Lakini macho yake Marlene aliyaona, na akajua anaombwa nini. Quillen naye alikuwa amepiga simu mara mbili akitaka waonane kabla ya siku hii. Mara zote mbili Marlene alimkatia.

"Malipo ya tarehe sita Mei mwaka jana," Quillen aliuliza. "Yalikuwa ya nini?"

"Ada ya ghala bandarini."

"Una hakika?"

"Hati niliiandika mimi."

Hapo Quillen akamwacha Dale kabisa, akamng'ang'ania waziri. Aliuliza kama waziri aliwahi kupiga simu pale ofisini. Marlene akasema hapana. Quillen akaligeuza swali: je, kuna siku yoyote aliyoisikia sauti yake? Hapana. Akamuuliza kama angependa kupumzika kidogo, anywe maji, akumbuke vizuri. Marlene akajibu kwamba hana cha kukumbuka. Mgongo ulikuwa umemlowa jasho, lakini aliona kalamu ya yule mwanamke imeganda juu ya karatasi, na shingo yake imeiva wekundu, akajua kwamba anashinda.

"Kwa mara ya mwisho, Bi. Kuchta. Uko chini ya kiapo. Waziri aliwahi kudai chochote kwenu?"

"Hajadai hata senti. Mtu huyo sijapata kumsikia."

Mzee mmoja wa safu ya nyuma aliandika kitu, akafunga daftari lake. Quillen akamshukuru, akamwambia anaweza kwenda.

Huko nje Marlene aliegemea ukuta wa ukumbi, moyo mwepesi kama hajawahi kuwa tangu Stan alipofariki. Mlango ulifunguka nyuma yake. Quillen alitoka peke yake, mikono mitupu, akaurudishia taratibu.

"Ulikuwa unamkinga Dale," alisema.

Marlene alijitoa ukutani, akashika njia ya kutokea.

"Dale alikuja kwetu mwenyewe tangu Februari. Alieleza yote, na hatumshtaki. Yeye ni shahidi wetu."

"Shahidi?" Marlene hakuelewa. "Anatoa ushahidi dhidi ya nani?"

Quillen alisogea karibu naye. Ule upole ulikuwa bado upo, lakini sasa ulikuwa na uchovu ndani yake.

"Siku hizi sheria inamfikia na anayedai, si anayetoa tu. Waziri alikuja Miami wiki mbili zilizopita kumwona binti yake, tukamkamata. Maneno yako ya leo wakili wake ana haki ya kuyapata yote. Ijumaa, siku ya mwisho tuliyopewa, tukiwa hatuna kesi, anapanda ndege kurudi wizarani." Akamtazama usoni. "Dale alituambia walioisikia ile simu ni wawili tu, na kwamba wewe huwezi kusema uongo."