Wa Kusimama Kichwani

Miaka miwili baada ya kumzika Bushiri, Hamdani alirudi mazoezini, akalala chali kwenye benchi lao. Chuma kilikuwa kile kile walichokitengeneza wawili: bomba, na kopo la saruji kila ncha. Hapo kila anayenyanyua husimamiwa kichwani na mwenzake, amhesabie, na akidake chuma kikimshinda.

Hamdani alikishika, akafumba macho, akangoja kuhesabiwa kama zamani. Kimya. Ndipo alipokumbuka.

Alikuwa anaachia vidole aende zake, aliposikia kandambili zikisogea nyuma yake.

“Ami, usiinuke,” alisema Mwanaidi, binti wa Bushiri, akitandaza viganja chini ya bomba. “Baba alikuwa akianzia ngapi?”

“Tatu. Halafu anarudi nyuma.”

“Tatu,” alisema Mwanaidi.

Hamdani akavuta pumzi.

“Mbili.”