Hodi ya Tatu

Jirani yake Mwanakheri, Bi Salhina, huapa kwamba Mzee Makame alikwenda chooni tu. Watu wa kampuni ya hoteli walipiga hodi mara tatu, ndani hakuitika mtu, mlango ukaiandika nyumba kuwa tupu. Alipotoka anafunga kikoi, nyumba ilikwisha kuwa hoteli.

"Kisa tumbo la kuendesha!" humalizia Bi Salhina, akicheka peke yake.

Mwanakheri hakucheka. Tangu sheria hiyo, kwamba nyumba isiyoitika hodi tatu huwa ya kampuni, ifike Mji Mkongwe, yeye na mamake walipokezana kukaa ndani, maana kodi ya chumba kingine hawaiwezi. Sasa kiharusi kimemfunga mama ulimi, na zamu zote ni za Mwanakheri.

Leo dawa zilikwisha. Alikwenda mbio, akarudi anahema, akamkuta mtu wa kampuni barazani.

"Hodi!"

"Karibu!" Mwanakheri akaitika kutoka njiani.

"Wa nje hakaribishi, dada," yule mtu akasema kwa upole. "Hiyo ya pili."

Kitasa kilikataa. Mlango uliopigwa hodi haufunguki mpaka uitikiwe.

"Hodi!"

Mwanakheri akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Mama, sema karibu. Hata nusu yake, mama."

Ndani kitanda kikalia, kama mtu anajigeuza, kisha kikanyamaza.