Moyo Usiotaka Kuudhiwa

Mama aliingia chumba cha daktari amebeba begi la Bwana Mdogo, chupa ya maji ya Bwana Mdogo na sweta ya Bwana Mdogo. Mwanawe huyo aliingia nyuma yake mikono mitupu, akakalia kiti pekee kilichokuwepo. Mama akasimama.

"Daktari, huyu ana moyo."

"Sote tunao, mama."

"Wake unanung'unika."

Ndivyo alivyoambiwa siku ya kwanza kabisa alipompeleka kupimwa. Daktari wa siku ile alieleza pia kwamba ni sauti ya damu inayopita tu, kwamba watoto wengi wazima wanayo na haina madhara. Mama hakungoja mkia wa maneno. Kwa akili yake, moyo ukinung'unika umeudhiwa, na dawa yake ni kutouudhi tena.

Basi nyumba nzima ikawa mtumishi wa moyo mmoja. Ukikataa kabichi, kabichi haipikwi. Ukichukia hesabu, mwalimu wa hesabu anaandikiwa barua. Dada zake wawili walipiga deki, wakafua, wakateka maji, na hakuna aliyewauliza mioyo yao inasemaje. Bwana Mdogo alilelewa kama yai, na kama yai, hakufanya kazi yoyote.

"Sasa yule mwanamke pale nyumbani ataniulia mwanangu," mama alisema. "Anamwamsha alfajiri. Anataka afue, aoshe chupa, abebe. Ametupa muda mpaka Ijumaa, asiposaidiwa anaondoka. Nipe barua kwamba mwanangu haruhusiwi."

Daktari alimsikiliza Bwana Mdogo kifuani na mgongoni, amelala na amesimama.

"Hakuna sauti yoyote. Moyo mzima kabisa."

"Unajificha huo," mama alisema.

Sikio la kufa halisikii dawa, na la mama huyu lilishazikwa. Daktari hakubishana. Aliandika mistari miwili: hana ugonjwa wowote, aamke, afue, aoshe, abebe. Akaitia barua kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi, mama asije akaisahihisha njiani.

"Huyo mwanamke nimwandike nani hapa juu?"

Mama akatazama pembeni. Bwana Mdogo akajikuna ndevu.

"Mke wangu," alisema. "Amezaa pacha, anataka mmoja nimbebe mimi."