Rangi Mbichi

Katika mji ule wa milimani, bibi harusi hapokelewi kwenye meza iliyochujuka. Kwa hiyo Jamyang, ambaye mchumba wake angeletwa kesho yake, aliipaka rangi upya meza fupi ya kando ya jiko, akaichorea maua mekundu. Mama yake, Yangzom, alirudi na siagi ya kutia kwenye chai akakuta kazi imekwisha.

“Na hapa?” aliuliza, akionyesha ukingoni, ambapo viwiko vya marehemu mumewe vilikuwa vimekula rangi hadi ubao ukaonekana.

“Nimepafunika, mama. Palikuwa pamechakaa sana.”

Yangzom hakumkemea. Aliketi mahali pa mumewe, akakunja mikono ya joho lake taratibu, kisha akaweka viwiko vyote viwili pale pale, juu ya maua yaliyokuwa bado hayajakauka.