Sajini wa Kila Jumamosi

Sheria iliwapa wafiwa wa vita vya mpakani mchezo wa kompyuta, wenye mto ule ule wa mapigano na askari wale wale waliopigana, kwa sura na majina yao. Kila Jumamosi Bibi Koburungo alimpiga risasi humo mchezoni Sajini Lubwama, aliyemuua mumewe, na familia ya sajini ililazimika kutazama huko kwao. Miaka mingi alimuua hivyo, na moyo haukupoa.

Jumamosi hii mjukuu wake Asimwe alileta mchumba. Bibi akampa kahawa ya kutafuna, maana mgeni akishaitafuna hadhuriwi nyumbani humo. Kijana akatafuna, akatupa jicho kwenye skrini, taya zikasimama.

"Bibi, huyo ni babu yangu. Mama hutazama akilia."

"Kumbe hulia!" Bibi akatabasamu. "Tafuna, baba. Umekula kahawa yangu, sikugusi. Ila mahari yangu mimi siyo ng'ombe."

Akamsogezea vitufe vya mchezo. "Leo mpige wewe. Mama yako ataona jina la mpigaji."

Asimwe akamkazia macho mchumba wake. Kijana akameza kahawa nzima nzima, akauliza taratibu, "Nabonyeza wapi?"