Umati wa Mheshimiwa

Bango jipya lilikuwa refu kuliko ofisi ya chama iliyokuwa nyuma yake. Juu, Mheshimiwa anacheka meno yote nje. Chini yake umati, na maandishi: "Wananchi Walia kwa Furaha." Mbele ya umati huo analia Siwema, na siku picha hiyo ilipopigwa alikuwa anamzika mumewe.

Siwema alimwita msemaji wa chama, Tambwe, kijana mwenye tai anayeweza kukuapia kwamba mvua ni jasho la jua.

"Hayo ni mazishi ya mume wangu. Liondoe."

"Shangazi, wapinzani wamekudanganya. Huo ni mkutano wetu wa Jumapili."

"Na hao wenye majembe mabegani?"

"Wakulima. Wanatuunga mkono."

"Na jeneza?"

Tambwe alilitazama jeneza kidogo. "Sanduku la kura, shangazi."

Siwema alikwenda kwake akarudi na mkeka, akautandika chini ya bango, akaketi na kujitanda kanga. Katika mji ule, aliyeketi matangani hapitwi bila kupewa pole. Wapita njia wakavua viatu, wakakaa naye. Kufika alasiri, mikeka na viatu vilikuwa vimeziba barabara.

Tambwe akatoka mbio na kamera, uso unang'aa: leo umati ni wa kweli. Alipokanyaga mkeka wa kwanza, mama mmoja alimshika kifundo cha mguu.

"Vua viatu, baba. Halafu utuambie, marehemu alikuwa nani wako?"

Tambwe akabaki kwa mguu mmoja, kamera hewani, na watu wote wakimsubiri ajibu.